SOMO KWA WAOMBAJI KAZI: MAJARIBIO YA MAUMBO, YA RANGI NA YA HAIBA

Vijana wa Unguja na Pemba wanaokusudia kuomba kazi, iwe Visiwani au Tanzania Bara, wanashauriwa kulisoma somo hili kwa makini. Wapo waajiri wasiotosheka na vyeti pekee, bali humpima mwombaji kwa majaribio ya kutazama na ya haiba. Baadhi ya waombaji hushindwa si kwa kukosa uwezo, bali kwa kutojua kinachopimwa.

Sababu ya vipimo hivyo huonekana wazi katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Reli ya kisasa, ambayo treni zake za umeme zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, hupita Kilosa ndani ya mahandaki yaliyochimbwa milimani. Katika wilaya hiyo hiyo umo mji wa Mikumi, jirani na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Dereva wa treni asiyetofautisha taa nyekundu na ya kijani, au askari wa wanyamapori asiyemtambua nyati nyuma ya kichaka, huhatarisha maisha yake na ya wenziwe.

Kwanza, maumbo. Majaribio haya, ambayo John Raven wa Uingereza alitoa yake mwaka 1938, hupima uwezo wa kugundua kanuni. Mfano: pembetatu nyeupe, mraba mweusi, pembetano nyeupe, je, linafuata umbo gani? Mwenye haraka huchagua pembesita yoyote. Lakini kanuni ni mbili: pembe huongezeka moja moja, na rangi hupokezana. Jibu ni pembesita nyeusi. Uwezo huu hukua kwa mazoezi. Mwombaji ajizoeze kwa saa: maswali 40 katika dakika 20 ni nusu dakika kwa kila swali. Swali gumu aliruke, kisha alirudie.

Pili, rangi. Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Shinobu Ishihara wa Japani, kilichotolewa mwaka 1917, ambacho huficha tarakimu ndani ya vitone vya rangi. Hiki hakina mazoezi, kwani upungufu huo kwa kawaida mtu huzaliwa nao. Anayekariri tarakimu hajidanganyi peke yake. Huwadanganya na abiria. Ni vyema kupima macho mapema, kabla ya kutumia fedha na miaka kusomea kazi isiyowezekana.

Tatu, haiba. Hapa hakuna jibu la kukariri. Karatasi inaweza kuuliza kama mwombaji hupenda kufanya kazi peke yake, na kurasa mbele ikauliza jambo lile lile kwa maneno mengine. Anayejipamba hujipinga mwenyewe. Na anayedai hajawahi kukasirika hata siku moja hutiliwa shaka. Tena, anayepata kazi ya porini kwa kuficha kwamba hawezi upweke, ataubeba upweke huo kila usiku wa zamu.

Kwa hiyo, maumbo hufanyiwa mazoezi, rangi hupimwa mapema, na haiba hujibiwa kwa ukweli. Waombaji wanakumbushwa kulala mapema, kufika na kitambulisho pamoja na vyeti halisi, na kusoma maelekezo yote kabla ya kuandika jibu la kwanza.