Jinsi Ufalme wa Kilwa Ulivyokua

Sisi wa Magomeni na Mtwara tu jirani wa Kilwa, hivyo yafaa tujue ufalme ule ulivyoanza. Habari za kale zaeleza kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi, katika nchi ya Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo zitoshazo kukizunguka chote. Masimulizi ya Kiswahili yaongeza kwamba Mrimba, mkuu wa kisiwa, alimwoza mgeni binti yake. Kwa sababu hiyo wengi hudhani ya kuwa kabla ya wageni hapakuwa na mji, na tena ya kuwa ufalme ulizaliwa siku ile zilipotandazwa nguo.

Lakini ardhi yatoa ushahidi mwingine. Bwana Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani, katika miaka ya 1960, alikuta alama za watu walioishi huko tangu karne ya 9 hivi, wakivua samaki, wakifua chuma, na kukaa katika nyumba za miti na udongo. Msikiti wa mawe ulikuja baadaye, na sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan pia. Kisha Kilwa ilishika biashara ya dhahabu ya Sofala, ikatajirika. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri wake. Na mfalme wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, wa jamaa ya Mahdali, si wa ukoo wa Ali. Basi tangu vijumba vya wavuvi hata enzi ile ilipita kama miaka 500.

Uingereza nayo ilikuwa hivyo hivyo. Utawala wa Warumi ulipokoma huko, karibu na mwaka 410, Waangle na Wasaksoni walivuka bahari, wakakaa kati ya wenyeji. Kwanza palikuwa na falme ndogo nyingi, kama Kent, Mercia na Wessex. Na mfalme Athelstan alipoutwaa mji wa York, mwaka 927, ndipo nchi ilipopata kuwa chini ya mfalme mmoja. Hiyo nayo ni miaka 500.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya pwani yetu kati ya 1250 na 1800. Waliona kwamba wengi wao, kwa upande wa mama, asili yao ilikuwa Afrika. Na kwa upande wa baba wengi walitokana na Waajemi. Basi habari ya binti wa Mrimba si ya kudharauliwa.

Twawaomba waalimu wawafundishe watoto mambo haya mawili pamoja. Anayesema Kilwa ni kazi ya wageni peke yao amewasahau mama zake; na anayesema wageni hawakuleta kitu amewakana baba zake. Na wazee wanapobishana barazani juu ya nani mwenyeji na nani mgeni, wakumbuke kwamba Kilwa ilijengwa na wote wawili.