Kumwongezea Mgonjwa Damu: Uhakiki wa Mwisho ni Kitandani

Damu inayotolewa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, pamoja na kaswende. Hata hivyo, damu safi yaweza kuua ikiingizwa kwa mgonjwa asiye wake. Mtu wa kundi O akipewa damu ya kundi A, kinga yake huzishambulia chembe hizo papo hapo.

Mara nyingi chanzo ni kumkosea mgonjwa. Katika wodi inayopokea wagonjwa wa Kiwalani, Vingunguti na Buguruni, si ajabu kuwakuta akina Fatuma Juma wawili. Kwa hiyo:

1. Mgonjwa ataje mwenyewe majina yake, asiulizwe, "Wewe ni Fatuma?" Asiyejitambua ahakikiwe kwa utepe wa mkononi.
2. Wahudumu wawili walinganishe jina, namba ya jalada, kundi na tarehe ya mwisho ya matumizi, wakiwa kando ya kitanda.
3. Mgonjwa aangaliwe kwa karibu dakika 15 za mwanzo. Chupa imalizike ndani ya saa 4.
4. Akipata homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au mkojo mwekundu, damu isimamishwe mara moja, daktari aitwe, na chupa irudishwe maabara.

Nawe ndugu unayeuguza, usione haya kumwita muuguzi uonapo dalili hizo. Kila dakika damu isiyolingana inapoendelea kuingia, madhara huongezeka.