Mlango Wako Utagongwa Usiku

Mdogo wangu wa Minjila, barua yako nimeisoma, nikairudia, kisha nikaona nikikujibu faraghani nitakuwa nimewanyima wengine. Kwa hivyo wadogo zangu wote wa Garsen, Tarasaa, Ngao, Kipini mpaka Hola, sogeeni, haya yanawahusu na nyinyi.

Mwenzenu yuko Marekani kwa shahada ya pili. Kaenda na mumewe na mtoto wa miaka mitatu, na chuo kimewapa nyumba kwenye makazi ya wanafunzi wenye familia. Sasa ofisi ya nyumba imemwambia aombe kazi ya msaidizi wa wakazi: akae palepale anapokaa, awapokee wanaohamia, asikilize malalamiko, ashike simu ya zamu usiku, aandae mikutano ya majirani, nao wampunguzie kodi. Anauliza: dada, mimi mtoto wa Garsen nitawasimamia vipi Wachina, Wahindi na Wabrazili?

Nitaanza na hilo la mtoto wa Garsen, maana limeniuma.

Mafuriko ya 2018 yalipowatoa watu mashambani, na yale ya mwisho wa 2023, na tena ya 2024, ni nani waliokaa kambini kama si sisi? Familia zilizozoea kila mtu na ua wake zikajikuta hema kwa hema, kamba ya hili inapita juu ya kamba ya lile. Mama aliyejifungua juzi analala hatua tatu kutoka kwa mzee anayekohoa usiku kucha. Choo kimoja, tangi moja, na lori la maji halijulikani litafika lini kwa sababu barabara imekatika pale Gamba au Lango la Simba. Kambini humo humkosi mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyempigia kura, lakini anajua hema lipi lina mjamzito aliyekaribia, nani hajapata chandarua, watoto gani wamekuja bila mama yao. Huyo ndiye anayeamshwa usiku. Kazi unayoitiwa ndiyo hiyo, mdogo wangu, isipokuwa huko ina mkataba na malipo. Usiseme huijui.

Hata makazi hayo ya wanafunzi wenye familia yalianza kwa dharura. Mwaka 1944 Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha askari waliotoka vitani, na vyuo vilivyozoea vijana wasio na ndoa vikajazwa wanaume wenye wake na watoto wachanga. Vikawatia kwenye mabanda ya jeshi na nyumba za magurudumu, majengo ya kudumu yakaja baadaye. Siku hizi ukifika Eagle Heights, makazi ya Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, au University Village ya Berkeley kule Albany, California, utakuta familia za kila pembe ya dunia zikipakana ukuta kwa ukuta. Eagle Heights wakazi wana hata bustani wanazogawana vipande na kulima wenyewe. Binti wa Kipokomo akiona vile vipande atajua mara moja ugomvi utaanzia wapi.

Sasa kazi yenyewe. Mafunzo utakayopewa yatasema sana juu ya wanafunzi. Lakini kwenye nyumba za familia, mwanafunzi ana darasa, ana wenzake, ana mwalimu wa kumwandikia. Anayeumia ni yule aliyemfuata. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mume au mke wake, mwenye F-2, haruhusiwi kufanya kazi yoyote ya malipo. Mfikirie mtu aliyekuwa mwalimu au nesi kwao. Anaamka, mwenzake keshaenda maktaba, mtoto analia, nje theluji, hajui basi lipi linakwenda sokoni, na jirani wa mlango wa pili humwonyesha tabasamu akapita. Miezi inakwenda hivyo. Huyo hatakuja kugonga kwako, kwa sababu jina lake halimo kwenye orodha ya chuo na mwenyewe anajiona kama mzigo ulioshushwa na wengine. Wewe ndiye wa kumwendea. Nenda mchana. Ukienda jioni utamkuta mwanafunzi, naye ndiye atakayejibu kila swali kwa niaba ya mwenzake. Na usiende na fomu mkononi. Mwambie unakwenda dukani, je, mnaweza kufuatana? Njiani atasema yote.

Hili unalijua kuliko ofisi nzima, maana mmoja wao unalala naye chumba kimoja. Shemeji yetu umemtaja kwenye mstari mmoja tu wa barua yako: alikuwa na duka la dawa za mifugo hapa Garsen, na sasa "yuko nyumbani na mtoto." Basi kabla hujatia sahihi popote, kaa naye. Mwambie wazi kwamba nyumba yenu itageuka baraza. Atakuja mwanamume asiyemjua saa saba usiku kusema bomba limepasuka. Atakuja mama akalie jikoni kwenu huku shemeji yuko na msuli wake. Kubalianeni nani anafungua mlango, mgeni anakaa wapi, mtoto analala wapi, na ni saa ngapi za siku ambazo ni zenu peke yenu. Na usimwachie shemeji simu ya zamu hata siku moja, ati kwa kuwa ana nafasi. Hiyo ni kazi ya malipo na viza yake haimruhusu. Vilevile nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize kama saa za kazi hii zinahesabiwa ndani ya zile 20, hasa ikiwa tayari unamsaidia profesa kufundisha. Jibu lao liwe la maandishi.

Halafu yako mambo madogo yatakayokutoa jasho kuliko makubwa. Chukua mfano wa moshi. Kwenye dari ya kila nyumba huko kuna king'ora cha moshi. Mtu amekaanga samaki, anataka kutoa harufu, anawasha udi kwenye chetezo kama alivyozoea. King'ora kinalia, na katika baadhi ya majengo gari la zimamoto linakuja hata kama hamkuita. Familia zote zinatoka nje na vichanga vilivyofungwa kwenye blanketi, baridi inakata masikio. Siku ya pili yule mama, kwa aibu, anakifunika king'ora kwa mfuko wa plastiki, na hapo ndipo hatari ya kweli inapoanza, kwa sababu moto ukiwaka usiku hakuna kitakachomwamsha. Afisa akimwambia, atasikia kwamba nyumba yake inanuka. Wewe unayefukiza nguo zako unaweza kumwambia bila kumvunjia heshima: chetezo kikae dirishani, dirisha wazi, feni ya juu ya jiko imewashwa, na kile cha darini kisiguswe kamwe. Mama wa Kisudani au wa Kiyemeni atakuelewa kwa sentensi moja.

Watoto nao. Kwetu mtoto akikosea, mtu mzima yeyote aliye karibu humkanya, na adhuhuri ikimkuta kwa jirani hula huko huko. Huko usimguse mtoto wa mtu, wala usimpe kitu mdomoni kabla ya kumuuliza mzazi. Karanga peke yake inaweza kumuua mtoto ambaye mwili wake unaikataa. Na mama anayemwachia mtoto wa miaka mitano amwangalie mdogo wake wa miaka miwili ili yeye akimbilie darasani anaweza kurudi akawakuta maafisa wa watoto mlangoni. Sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, lakini kila mahali jambo hilo ni zito. Mwonye mapema, wewe uliyelelewa na kaka na dada na unajua hakukusudia ubaya, kabla jirani hajapiga simu.

Ugomvi hautakosa: mashine za kufulia, uwanja wa watoto, maegesho, kelele za ghorofa ya juu. Hapo kumbuka malka, njia ya mifugo kwenda mtoni. Nyinyi mliokulia delta mnajua kwamba ng'ombe wa Waorma lazima wafike mtoni na mashamba ya Wapokomo yako kando ya huo mto, na kwamba njia ya malka ikijulikana na kuheshimiwa, watu husalimiana. Mnajua pia mauaji yaliyotokea 2012 Riketa, Chamwanamuma na Kilelengwani. Sitayaeleza, yamo katika nyumba zetu. Ninachotaka ulichukue ni hiki: njia hupangwa kabla ya kiangazi. Ratiba ya mashine za kufulia ipangwe wiki ya kwanza ya muhula, wote wakiwepo, wakati hakuna aliyekasirika. Malalamiko yakija, usimhukumu asiyekuwepo. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadheda wa Waorma, pamoja na tofauti zao zote, walipokaa meza moja walijua kwamba neno lililosikilizwa upande mmoja halijasikilizwa. Usitoe uamuzi ukiwa umesimama kwenye ngazi na mtu mmoja anakupigia kelele.

Na utakuta jengo moja lina familia mbili ambazo nchi zao zinauana. Usiwape jukwaa la kujadiliana, wala usiwaombe wawe mfano wa amani kwenye sherehe yako. Waache watoto wao wacheze. Mtu wa Garsen aliyewahi kununua unga dukani kwa mtu wa upande wa pili, mwezi baada ya mazishi, anajua uzito wa salamu peke yake.

Hapa sasa nisikilize vizuri. Siku moja mwanamke atakuambia: nina siri, lakini usimwambie mtu. Mzuie kwanza. Katika vyuo vingi vya Marekani msaidizi wa wakazi analazimika kuiarifu ofisi akisikia habari za ubakaji au dhuluma ya kingono, na mara nyingi kupigwa ndani ya ndoa pia. Huwezi kuahidi siri ambayo mkataba wako umekunyima. Kwa hivyo mwambie kabla hajafungua mdomo: "Yako mambo nikiyasikia lazima niyafikishe mbele. Ukitaka mtu wa kukuwekea siri, nitakupeleka kwa mshauri nasaha, nitakungoja nje." Mwenyewe achague. Ukimwacha aseme ndipo umweleze, hatakuamini tena, wala hatamwamini anayefuata.

Na lile neno letu la "vumilia, ndoa ndivyo zilivyo," liache huku huku. Tumeona kesi za nyumbani zikimalizwa chini ya mwembe, wanaume wakalipana, na binti mwenyewe hakuulizwa hata kama anataka kurudi. Mimi nimechoka nalo. Wewe si mkwe wa mtu huko, wala si kadhi, wala si daktari. Ukisikia kipigo ukutani, usiingie ukasimama katikati. Piga 911, toa namba ya nyumba, kaa mahali ambapo polisi watakuona. Kesho yake ndipo uende kwa yule mama, ukiwa na namba za watu wanaojua kazi hiyo.

Mengine utakayoyaona, nani hana chakula mwisho wa mwezi, viza ya nani inaisha, ndoa ya nani imepoa, yafie kwako. Waswahili wa ughaibuni ni wachache na simu ni nyingi. Neno likidondoka sikukuu ya Idi huko litafika stendi ya Garsen kabla hujavua viatu.

Basi, mwenzenu wa Marekani nimemjibu. Nawageukia nyinyi mlio Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani, na mnaovuka daraja kutoka Madogo kwenda Chuo Kikuu cha Garissa. Kwetu bweni ni la mwanafunzi peke yake. Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliozaa ipo tangu 1994, kwa hivyo wako wanaofika chuo kikuu na mtoto mkononi, lakini kitanda cha bweni hakimhesabu mtoto. Mnakodi chumba kwenye ploti, mnamleta mdogo wenu kutoka nyumbani amshike mtoto, na keateka kazi yake ni kukusanya kodi. Cheo cha msaidizi wa wakazi hakipo. Kazi ipo, tena nzito.

Mchague mmoja wenu. Kwanza awe na daftari: nani analala chumba gani, mtoto wake anaitwa nani, simu ya mzazi nyumbani. Baada ya Aprili 2, 2015, siku waliyouawa watu 148 pale chuoni Garissa, wazazi wakingoja kujua mtoto wao yuko hai au la, sidhani kuna mtu wa Tana River anayehitaji kushawishiwa juu ya daftari hilo. Likae kwa mtu mmoja, si kwenye kundi la WhatsApp. Nyuma ya mlango wa kila chumba pabandikwe namba mbili ambazo hazilipiwi: 1195 ya dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto. Yule mdogo wenu anayeshika mtoto mumhesabu pia. Ana miaka mingapi, aliacha darasa la ngapi, na nani anamuuliza kama ameshiba?

Na huyo mtakayemchagua mumlipe. Asamehewe pesa ya maji, au kila chumba kichange kidogo mwisho wa mwezi, na wiki za mtihani ashike mwingine zamu. Kazi hii ikiachwa iwe ya hisani humwangukia msichana yuleyule mpole kila mwaka, naye ndiye anayebaki na somo la kurudia. Likubalieni hilo kwanza, kabla hamjataja jina la mtu.