Tukibisha hodi wanatuuliza kama sisi ni wa Shakahola

Mimi ni kijana wa kanisa moja hapa Malindi. Jumamosi tunatoka wawili wawili kushuhudia Maweni na Muyeye. Siku hizi tukibisha hodi, watu wanauliza kama sisi ni wa Shakahola. Juzi mama mmoja alisikia tu jina la Yesu akatufukuza mbele ya majirani, akisema watu wa Biblia walimmalizia dada yake, na mwili hajaupata mpaka leo. Mzee wetu wa kanisa anasema ni shetani anapinga Injili, tukaze mwendo. Moyo wangu umekuwa mzito. Tufanyeje?

Mwanangu, kwa heshima zote kwa mzee wenu, hapo siko naye. Yule mama hana shetani, ana msiba.

Paul Mackenzie alihubiri hapa hapa Malindi miaka mingi, Biblia mkononi, akikataza watoto shule na wagonjwa hospitali. Mwaka 2019 akafunga kanisa lake, na wafuasi wakamfuata msituni Shakahola, ambako anadaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Polisi walipoanza kufukua Aprili 2023, ikatoka miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwemo. Mashtaka ameyakana. Jamaa za marehemu walitoa sampuli za DNA, wakashinda nje ya mochari ya Malindi, na miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024. Kisha 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, upande wa Chakama. Aliyepitia hayo akikufungia mlango, analinda nyumba yake.

Utaniambia Mackenzie si mwenzenu. Mama wa watu atajuaje? Mackenzie naye alianza kwa maombi, aya na ahadi za mbinguni. Basi msijitetee, jiwekeni wazi. Semeni kanisa liko wapi, mchungaji ni nani, sadaka inakaguliwa na nani. Semeni peupe kwamba watoto wenu wanasoma na mgonjwa wenu anapelekwa hospitali. Ndugu wa muumini, hata asiyeamini, aruhusiwe kuja kuona jamaa yake anaabudu wapi na anakula nini. Kanisa linaloona maswali hayo ni matusi lisitume vijana mitaani.

Wapo pia wanaokataa kwa sababu wana dini yao, na hiyo yatosha. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 aliwakuta watu wanaswali. Jirani Mwislamu akisema asante, sina haja, amekwisha jibu. Na mzee wa Kigiriama anayesikia kaya, msitu mtakatifu wa wazee wake, ikiitwa makao ya mapepo kwenye kipaza sauti, hatasikia lingine mtakalosema.

Kama mnatakiwa kurudisha idadi ya waliookoka kila Jumamosi, ombeni utaratibu huo ukome. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya mmsukume mtu aliyekwisha kusema hapana. Mmisionari Johannes Rebmann alikaa Rabai na viunga vyake tangu 1846 hadi 1875, akarudi Ujerumani macho yamekwisha, na waliobatizwa katika miaka yote hiyo walikuwa wachache sana. Alikaa na watu, akajifunza lugha zao. Petro naye aliwaagiza waumini wawe tayari kumjibu anayewauliza juu ya tumaini lao, tena kwa upole. Anayewauliza, mwanangu.

Kwa yule mama, mzee wenu aende mwenyewe, pamoja na jirani ambaye mama anamwamini, ampe pole, wala asimwombee bila kuombwa. Ninyi vijana msirudi pale na Biblia. Mkikutana naye sokoni, mwamkieni kwa heshima. Kama bado anamtafuta dada yake, ulizeni iwapo angependa mtu wa kumsindikiza kufuatilia majibu ya DNA. Akikataa na hilo, mkubalieni.