Kutoboa Bamba la Chuma Bila Kuliharibu

Mashine za michezo za kutia sarafu zilienea sana Japani na Marekani baada ya mwaka 1978, kampuni ya Taito ilipotoa mchezo wa Space Invaders. Mbele ya mchezaji pana bamba lenye kijiti cha kuongozea na vitufe. Wako watu wanaojitengenezea bamba hilo nyumbani. Vitufe vya Kijapani hutaka tundu la milimita 30. Kazi yaonekana rahisi, lakini chuma chembamba kina hila.

Hila yenyewe ni hii. Biti ya kawaida ina ncha kama pia. Katika chuma kinene ncha hiyo huiongoza biti mpaka mwisho. Katika bamba la milimita 1.5, ncha hutokea upande wa pili kabla kingo za kukatia hazijaingia zote. Hapo biti hukosa kiongozi, huyumba, na tundu huwa la pembe tatu. Tena yaweza kulinasa bamba na kulizungusha kama panga. Mimi niliwahi kulishika bamba kwa mkono, nikidhani ni tundu moja tu. Kovu la kidole gumba ninalo hata leo.

Basi fuata utaratibu huu:

1. Chora mistari miwili inayokatana penye kitovu cha kila tundu, kisha zungusha bikari kwa nusu kipenyo cha milimita 15. Pima ukingo wa kitufe chenyewe, usije ukaviweka vitufe karibu mno.

2. Piga alama kwenye kitovu kwa panchi na nyundo, ili biti isiteleze.

3. Libane bamba juu ya ubao kwa vibanio, usilishike kwa mkono. Vaa miwani ya kazi, kunja mikono ya shati, wala usivae glavu, maana biti huzinasa.

4. Toboa tundu dogo la milimita 3.

5. Ondoa ubao, weka vipande viwili vya mti kando ya tundu ili chini pawe wazi, ubane tena. Sasa tumia biti ya ngazi. Kila ngazi hupanua tundu kidogo, na tundu la ngazi iliyotangulia huiongoza inayofuata. Tia tone la mafuta. Tia alama ya wino kwenye ngazi ya 30, upate kujua pa kukoma.

6. Ondoa makali pande zote mbili kwa tupa ya nusu duara. Makali yakibaki hukata nyaya, na vidole pia. Vumbi la chuma lifagie kwa brashi.

Mwendo nao una hesabu yake. Tuseme ukingo wa biti upite mita 25 za chuma laini kwa dakika. Biti ya milimita 3 ina mzingo wa milimita 9.42, basi 25,000 ÷ 9.42 ni mizunguko 2,650 hivi kwa dakika. Kwa milimita 30 ni 265 tu. Kipenyo kikizidi mara kumi, mwendo hupungua mara kumi. Asiyepunguza mwendo huiunguza biti.

Maswali

1. Kwa nini tundu la bamba jembamba huwa la pembe tatu?
2. Tafuta mwendo wa biti ya milimita 24.
3. Kwa nini ubao huondolewa kabla ya kutumia biti ya ngazi?