Baba Akifia Kazini, Jamaa Wafanye Nini?

Somo la leo ni zito, lakini afadhali tulisome kabla ya msiba kubisha hodi.

Tulimtembelea mama mmoja ambaye mumewe alianguka kwenye mjengo akafa papo hapo. Mkandarasi alileta jeneza, matatu ya kupeleka watu mazishini, na bahasha ya shilingi 50,000. Kisha akatoa karatasi: "Weka sahihi hapa, mama, ya kuonyesha umepokea." Karatasi yenyewe ilisema familia haitadai kitu tena! Bahati nzuri shemeji yake aliomba waisome kwanza nyumbani.

Rambirambi tunashukuru, lakini fidia ni kitu kingine. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inasema waliomtegemea marehemu walipwe mapato yake ya miezi 96. Aliyekuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,440,000. Linganisheni na ile bahasha.

Mtaambiwa, "Alikuwa kibarua tu." Kibarua naye ni mwajiriwa. Mtaambiwa, "Ni makosa yake, hakuvaa helmeti." Sheria haimnyimi fidia aliyekufa kwa sababu hiyo. "Hatukuwa na bima." Basi alipe mwajiri mwenyewe, maana kuweka bima ni wajibu wake.

Kifo kiripotiwe kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya saa 24. Mwajiri akinyamaza, nendeni wenyewe ofisi ya leba iliyo karibu mkaulize fomu. Dai lenyewe lifike ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Jameni, miezi hiyo huisha upesi! Kuna matanga, kuna mabishano ya mahali pa kuzika, na kabla hamjatulia mwaka umepita.

Bebeni cheti cha kifo, ripoti ya polisi na vitambulisho. Ushahidi wa mshahara ndio husumbua, kwa sababu kibarua hapewi hati. Kwa hivyo simu ya marehemu isiuzwe wala laini isitupwe: jumbe za M-Pesa zinaonyesha alilipwa na nani, na kiasi gani. Andikeni pia majina na nambari za wenzake walioshuhudia, maana mjengo ukiisha hutawaona tena.

Wengine hukimbilia kortini moja kwa moja. Mnamo Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba madai ya namna hii yaanzie kwa Mkurugenzi. Msiporidhika na uamuzi wake, pingeni kwa maandishi ndani ya siku 60. Akikataa, mna siku 30 za kukata rufani katika korti ya ajira.

Mjane na watoto wote wa marehemu watajwe kwenye fomu, pamoja na aliye bado tumboni na yule wa nje ya ndoa. Hilo malizeni nyumbani mapema, kabla ya kufika ofisini.