SOMO: LESENI ZA BAA NI NGAPI, NA PESA ZIKO WAPI?



Tuanze na jambo mnalolijua. Mwekahazina wenu akipokea shilingi mia mbili za memba, anaandika risiti. Karatasi moja inaenda na mwenye kulipa, nakala inabaki kitabuni, pesa zinapelekwa benki. Mwisho wa mwaka mnachagua watu wawili wasio wa kamati, wanakaa na vitabu vitatu: orodha ya memba, kitabu cha risiti na kitabu cha benki. Vikikubaliana, mnapiga makofi na kunywa chai. Visipokubaliana, chai inangoja.

Bodi ya serikali inayotoa leseni hukaguliwa kwa njia hiyo hiyo. Badala ya memba kuna wenye leseni, basi. Leo tuchukue bodi ya leseni za pombe, kwa sababu karibu kila soko letu lina baa, na akina mama wengi wanajua mshahara unaishia wapi.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliziachia kamati za wilaya kazi ya kutoa leseni. Lakini Katiba ya mwaka huo huo iliipa kaunti kazi hiyo, na tangu 2013 kaunti 47 zilianza kuichukua na kutunga sheria zao. Kwa hiyo ukitaka kuuliza habari ya baa, usiende Nairobi. Uliza kaunti yako.

Pesa zapaswa kwenda wapi? Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale ambayo sheria ya Bunge imeyatenga. Afisa hana ruhusa ya kupokea ada asubuhi na kuitumia kwa mafuta ya gari mchana, hata kama safari ilikuwa ya kazi. Wengi hawaoni ubaya hapo. “Si gari ni la serikali?” Ubaya ni kwamba pesa iliyotumika kabla ya kufika benki haionekani tena, na mkaguzi hawezi kujua ilikuwa ngapi.

Hiyo ni njia moja ya kupotea. Nyingine ni risiti ya nyuso mbili: ya mwenye baa inasema 15,000, nakala ya kitabuni inasema 5,000. (Mimi niliwahi kuwa katibu wa kikundi kilichofanyiwa hivyo. Tuligundua kwa sababu memba mmoja mzee hakuwa akitupa karatasi yoyote.) Ya tatu ni marupurupu ya vikao. Bodi inakutana mara nyingi, kila mjumbe anatia sahihi na kulipwa, na mwisho wa mwaka ada zote zimeliwa na mikutano ya kukusanya ada. Makaratasi yako sawa kabisa, lakini mwananchi hakupata kitu. Ya nne ndiyo mbaya zaidi: baa haina leseni kabisa, bali kila mwezi inampa mtu fulani “kitu kidogo”. Pesa hiyo haimo katika kitabu chochote.

Sasa tumtazame Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Maafisa wana miezi mitatu ya kutayarisha hesabu na kumpelekea. Kifungu cha 229 kinamtaka atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, yaani kufikia mwisho wa Desemba, na aseme kama pesa zilitumika kihalali na kwa faida. Bunge au Bunge la Kaunti likipata ripoti, lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Na Kifungu cha 226 kinasema afisa aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atalipa hasara, hata akiwa ameacha kazi.

Lakini angalieni udhaifu wake. Mkaguzi anafanya kazi kwa vitabu, naye hawezi kuzunguka kila soko. Ile baa ya nne hataiona. Nyinyi mnaiona kila siku mkienda kisimani.

Hapo ndipo kikundi kinaweza kusaidia. Tuseme sokoni mmehesabu baa 12, na ada ni shilingi 15,000 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 180,000. Kaunti ikijibu kwamba sokoni kwenu leseni ni 7, ni shilingi 105,000. Baa tano, shilingi 75,000, ziko wapi? Hamjamshtaki mtu. Mmeuliza hesabu.

Kuuliza kwenyewe si kazi ngumu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu barua ya Kiswahili, bila ada ya kuomba, na ofisi ijibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, afisa aandike. Wakikataa, kuna Tume ya Haki ya Utawala. Ombeni orodha ya leseni za wadi yenu na kiasi kilichoingia benki. Wekeni nakala ya barua, igongwe muhuri siku mnayoipeleka. Barua iandikwe kwa jina la kikundi, maana mama mmoja peke yake atatishwa na wenye baa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Sokoni kwetu baa ni ngapi? Ngapi zimetundika leseni ukutani, na ni ya mwaka gani?

2. Sheria ya 2010 ilitaka baa iwe mita 300 au zaidi kutoka shule ya watoto. Sheria ya kaunti yetu inasemaje? Nani atapima kwa hatua?

3. Mjumbe wetu wa wadi aliijadili ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu? Nani atamuuliza, na lini?

4. Vitabu vyetu wenyewe vilikaguliwa lini?